Diski ya Tatu Iliyobaki Somanga

Mwezi uliopita nilimkabidhi Neema funguo za chumba cha kompyuta. Nikapewa keki, nikapewa saa ya ukutani, nikapigwa picha nimeishika ile saa kama mtu aliyekamatwa nayo. Kabla sijafika getini, Neema, ambaye ndiye fundi mkuu sasa, akanikimbilia na swali nililokwisha kuulizwa na kila kijana aliyewahi kuajiriwa pale: "Samahani mzee, hivi kwa nini mashine zetu zote zina toleo la zamani? Huko nje watu wako mbele matoleo matatu." Nikamjibu kwamba nitamwandikia. Haya, ninaandika, na nisingependa kuulizwa tena.

Kwa wale mliokuja kazini juzi na mkakuta kila kitu kimeshawekwa, nianze na maelezo. Mashine zetu zinaendeshwa na Linux, mfumo ambao hauna mwenye duka. Unatengenezwa na watu waliotapakaa duniani, kwa hiyo hakuna siku inayopita bila mmoja wao kubadilisha kitu. Ukitaka kuutumia mezani kwako unachagua moja kati ya mawili. Lipo toleo tulivu, ambalo programu zake zimejaribiwa mpaka zimechoka, na hazibadilishwi ila kuziba kasoro. Lipo na toleo jipya kabisa, ambalo leo limekupa urembo, kesho limekunyima sauti, na keshokutwa linakuambia usubiri. Vijana wote mnalipenda hilo la pili. Nawaelewa, maana na mimi nililipenda, na ndiyo sababu ya barua hii.

Nilianza kazi wakati mashamba ya mkonge na viwanda vya umma vilipokuwa vikiuzwa kimoja kimoja. Ubinafsishaji ulimtoa Fundi Kasembe shambani, alikokuwa akitunza mashine za kuchakata mkonge, ukamleta kwenye hospitali yetu ndogo karibu na njia panda ya Mingoyo, atunze jenereta, friji za chanjo na kila chenye waya. Mimi niliajiriwa nimsaidie. Siku yangu ya kwanza alinikuta nimeshafungua pampu ya maji, nati zimezagaa sakafuni, nikitaka aone ninavyojituma.

"Spea iko wapi?" akaniuliza.

"Inakuja na basi la Dar, fundi."

"Limefika?"

"Bado."

"Rudisha nati zote. Pampu inayovuja ilikuwa inatoa maji. Hii uliyoifungua inatoa nini?"

Nilirudisha nati huku nikinuna. Nilimwona mzee wa kale ambaye bado anaishi kwenye enzi za kupanga foleni ya sukari, wakati madukani sasa kila kitu kilikuwa kinapatikana, mradi uwe na subira ya kungoja basi. Sikuona kwamba hilo la basi ndilo alilokuwa akilisema. Miaka mitatu baadaye alistaafu, akaniachia bisibisi zake zote na sanduku la nati zisizo na wenzao.

Kompyuta zilipofika zilikuwa mbili, zimetumika kwingine, zimetolewa msaada. Kijana wa kujitolea alikuja nazo, akaziwekea Linux toleo tulivu, kwa kuwa leseni za mifumo ya kununua zilikuwa hazishikiki, akanifundisha kwa wiki mbili, kisha akaniachia karatasi tatu za maelekezo na kuondoka. Mashine moja alipewa Bi Regina, karani wa rejista, mama wa Kimakonde kutoka upande wa Newala aliyevaa rozari shingoni na miwani kwenye kamba. Alijifunza kwa siku nne. Siku ya tano akabandika plasta juu ya kitufe cha kuwashia, na juu ya plasta akaandika kwa kalamu nyekundu: USIGUSE. Onyo lile lilinihusu mimi, kwa sababu hakuna mwingine pale aliyekuwa na hamu ya kugusa.

Mashine ya pili ilikuwa yangu. Kwa muda mrefu ilifanya kazi bila neno, na hilo ndilo lililonikera. Kila kitu ndani yake kilikuwa cha kikale. Herufi zilikuwa na meno. Printa tuliyokuwa nayo ilikuwa ile ya utepe, inayolia hadi mgonjwa wodini anauliza nani anapigwa. Halafu wageni fulani wakatuletea printa mpya, nyeupe, kimya, nzuri kama friji, na toleo tulivu likakataa kabisa kuitambua. Nikaifunika kwa kitambaa. Kila asubuhi nilipokiona kile kitambaa nilijisikia mshamba.

Aliyenimaliza kabisa ni Shabani, niliyesoma naye ufundi, ambaye alikuwa na duka la intaneti Kariakoo. Nilimpigia kwa simu ya hospitali.

"Bado upo kwenye hilo toleo?" akacheka. "Mshikaji, hilo lipeleke makumbusho! Mimi hapa naapdeti kila siku. Hiyo printa yako ni kuichomeka tu, inaongea."

"Wewe una laini ya intaneti. Mimi huku nina modemu, na simu inakatika ikipita mvua Kilwa."

"Nitakuchomea kwenye CD. Diski tatu. Nampa konda."

Mnajua wenyewe, au waulizeni wazazi wenu, jinsi pwani hii ilivyoishi kwa makondakta. Dawa, barua za posa, miwani, vipuri, yote yalipita mikononi mwa konda, yamefungwa kwenye bahasha iliyoandikwa jina na kituo. Kiangazi basi lilikuwa linafika. Masika barabara kutoka Rufiji mpaka Nangurukuru ilikuwa tope, na abiria walikuwa wanapika njiani. Na Shabani alinichomea diski zangu masika.

Sasa niwaeleze kilichokuwa kwenye ile mashine. Mara moja kwa mwaka walitujia madaktari wa macho kutoka upande wa Masasi, wakiondoa mtoto wa jicho kwa wazee. Wiki moja kabla yao alitangulia muuguzi na mashine ya kupima. Alipima kila jicho, akapata namba ya lenzi itakayowekwa, kisha akaondoka na mashine yake kwenda wilaya nyingine. Zamani namba zile ziliandikwa kwenye daftari. Ni mimi niliyesema daftari limepitwa na wakati. Nilitengeneza fomu ndani ya programu yangu, nikakaa pembeni ya muuguzi siku zote tatu, Alhamisi mpaka Jumamosi, nikichapa jina, kijiji, jicho, namba. Ijumaa jioni nilinakili faili kwenye mashine ya Bi Regina, kama kawaida yangu ya kila Ijumaa. Za Jumamosi zilibaki kwenye mashine yangu peke yake.

Jumamosi ile wakaja ndugu wawili kutoka Kilangala, na Bi Regina, ambaye meza yake ilikuwa chumba hicho hicho, akawaandika kwenye rejista. Mdogo mtu, Bi Somoe, alikuwa na jicho moja tu. La pili liliharibika utotoni, na hili lililobaki sasa lilikuwa jeupe kama ganda la yai. Naikumbuka kanga yake ya zambarau na fimbo aliyoilaza magotini. Dada yake, Bi Hadija, ndiye aliyekuwa akimwongoza.

"Shikamooni," nikasema nikichapa.

"Marahaba, baba," wakajibu pamoja.

Muuguzi alipima mara mbili. "Jicho lako ni refu kuliko la wengine, bibi," akamwambia. "Ukiwekewa lenzi ya kawaida utakuwa umesumbuliwa bure. Lazima iwe namba hii hii." Akanisomea namba, nikaichapa.

"Ukishafunguliwa utataka kuona nini kwanza?" muuguzi akamtania.

"Huyu," Bi Somoe akasema, akimgusa dada yake mkono. "Mwaka wa tano huu kanishika mkono. Nataka nione kama naye kazeeka au ni mimi tu."

"Mimi bado msichana," Bi Hadija akasema, wakacheka wote wawili. Nami nilitabasamu, nikawa nimeshafika kwenye mstari unaofuata.

Jumatatu basi lilileta bahasha yangu. Ndani zilikuwamo diski mbili, na kikaratasi cha Shabani: diski tupu zimeniishia, ya tatu nampa konda wa kesho. Bi Regina alikuwa akila muhogo.

"Zimefika zote?" akauliza.

"Ya tatu iko njiani."

"Si ungeingoja?"

"Mama Regina, hii si pampu."

Sijui kwa nini nilitaja pampu. Labda nilikuwa nimeshajua ninachokifanya. Niliiweka diski ya kwanza, mstari ukaanza kutembea kwenye skrini, asilimia kumi, asilimia thelathini, programu moja moja ikiondoka na mpya ikiingia mahali pake. Diski ya pili ikaingia. Ilipofika asilimia sitini na kitu mashine ikasimama na kuniandikia kwa adabu: Tafadhali ingiza diski ya tatu.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilisimamisha shughuli nzima, nikafungua ile programu ya fomu, ambayo tayari ilikuwa mpya, nijionee urembo. Ikafunguka. Herufi laini, rangi ya bahari. Ikaniuliza kama nataka faili langu la zamani libadilishwe liwe la muundo mpya. Nikasema ndiyo. Ikalibadilisha, kisha ikataka kitu kilichokuwa kwenye diski ya tatu, ikakikosa, ikajifunga. Haikufunguka tena. Nililipeleka faili kwenye mashine ya Bi Regina, yenye toleo tulivu, na programu yake ya zamani ikalitazama na kusema hailijui. Nililifungua kwa nguvu nisome kilichomo ndani, nikakuta alama zisizo na kichwa wala miguu. Mashine ilikuwa nusu mpya nusu kuukuu, na hizo nusu mbili hazikuwa zikisalimiana.

Jumanne basi halikufika. Jumatano halikufika. Alhamisi tukasikia limekwama Somanga. Madaktari walikuwa wanatarajiwa Jumatatu. Ijumaa nikadandia Landrova iliyokuwa ikipeleka chanjo Kilwa, nikashuka Nangurukuru, nikapanda trekta, kisha nikatembea. Basi nililikuta limelala upande, tope limefika kwenye madirisha ya chini, abiria wametandika mikeka, mama mmoja ameshafungua biashara ya chai.

Kondakta alikuwa mcheshi, na sikuwa na haja ya ucheshi.

"Bahasha ya Hashimu wa hospitali, Mingoyo," nikamwambia.

"Aaa, ile! Karatasi ililowa, kaka, ikachanika. Ila mzigo wenyewe upo."

"Uko wapi?"

Akanionyesha mbele. Diski yangu ilikuwa imening'inia kwenye kioo cha dereva kwa uzi mwekundu, ikizunguka na kumetameta, ikigonga kioo kila upepo ulipopita.

"Tulijaribu kwenye redio ya dereva, ikagoma," akaniambia. "Haina hata wimbo mmoja. Tukasema mbovu hii, lakini inapendeza."

Nilimtukana. Naliandika hilo kwa sababu nimeamua kuandika ukweli. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akaikata ile diski kwenye uzi, akaifuta kwa shati lake lenye mchanga mbele ya macho yangu, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nilipofika kazini Jumapili mashine iliisoma kwa dakika tatu, ikaguna, ikaitema.

Jumatatu madaktari wakaja. Wagonjwa wa Alhamisi na Ijumaa niliwachapia kutoka kwenye nakala ya Bi Regina, kwa ile printa ya kelele. Wa Jumamosi daktari aliwatazama mmoja mmoja, akaamua kuwawekea lenzi ya wastani, watamalizia kwa miwani. Alipofika kwa Bi Somoe akaweka kalamu chini.

"Namba yake?"

"Imo ndani ya mashine, daktari. Naihangaikia."

"Imo ndani au unayo?"

Nikapekua karatasi nilizochapa, za Alhamisi na Ijumaa tu.

"Jicho moja hili, na muuguzi ameniambia si la kawaida," akasema. "Sibahatishi. Arudi mwakani."

Niliwaomba waningoje. Niliketi mbele ya ile skrini tangu asubuhi mpaka adhuhuri, nikijaribu hiki na kile, na wale ndugu wawili wamekaa kwenye benchi nyuma yangu, hatua mbili tu. Adhuhuri nikageuza shingo nikawaambia haiwezekani. Nilidhani watanigombeza, na ningeshukuru.

"Tutangoja," Bi Hadija akasema. "Kungoja tumezoea. Inuka, Somoe, tuwahi gari la Kilangala." Walipofika mlangoni nilikuwa nimeshageukia skrini tena.

Wiki tatu baadaye barabara ilikauka, Shabani akanitumia diski nyingine. Safari hii ilifungwa kwenye kopo la biskuti kabla haijatoka Dar, maana nilimpigia nikamsimamia kwa simu mpaka akafunga. Niliiingiza, mstari ukafika asilimia mia, programu ikafunguka, na faili likafunguka nalo. Namba ya Bi Somoe ilikuwapo, tarakimu zake zote, safi, haina hata doa. Printa mpya nayo ilifanya kazi. Nilichapa ule ukurasa kwa kimya kizuri kabisa, nikatamani kuichukua ile printa nikaitupe kwenye choo cha shimo.

Tangu hapo, vijana, ndivyo nilivyoendesha chumba kile. Mashine za kazi zilikaa na toleo tulivu, na hakuna kilichoguswa mpaka kila diski iwe mezani na ya akiba iwe kabatini. Daftari la macho likarudi. Msije mkadhani naliona toleo tulivu halina kosa. Limenikondesha vilevile. Kuna kipindi nililing'ang'ania mpaka kivinjari chetu kikawa hakifungui fomu za serikali, na Bi Regina akawa anatumwa mjini Lindi kuzijaza kwenye duka la intaneti, na kila akirudi ananitazama juu ya miwani. Utulivu nao ukizidi unakuwa uvivu uliovaa tai. Kwa hiyo Neema, mashine ya mezani kwako iapdeti hata mara tatu kwa siku, uichezee upendavyo, uanguke nayo. Ile ambayo mtu mwingine anaitegemea usiifungue kwa sababu wewe umechoka kuitazama.

Lakini sijamaliza, na ningeweza kumalizia hapo nikaonekana mtu wa maana.

Mwaka uliofuata Bi Somoe alirudi. Alishikwa mkono na jirani, mwanamke aliyekuwa na haraka ya kurudi shambani. Nilimwuliza Bi Hadija yuko wapi. Jirani akaniambia kwamba alifariki wakati wa mavuno ya ufuta, homa ya siku nne. Nikasema Mungu amrehemu. Namba ya Bi Somoe nilikuwa nayo kwenye karatasi, kwenye daftari na kwenye mashine zote mbili. Muuguzi alimpima tena, ikatoka ileile.

Siku ya kufunguliwa bandeji nilikwenda mwenyewe wodini. Hakuna aliyeniita. Bi Somoe alitazama dirisha, akatazama vidole vyake kwa muda mrefu, akamtazama Bi Regina aliyekuwa ameleta rejista, kisha akanitazama mimi.

"Wewe ndiye wa mashine," akasema. "Nimekujua kwa sauti. Nilidhani mtu mzima."

"Ndiye mimi, bibi. Nisamehe. Mwaka jana kosa lilikuwa langu, si la mashine."

"Yamepita hayo." Akaendelea kunitazama. "Wewe ulimwona dada yangu. Mara mbili alikaa pale kwako. Niambie alikuwaje. Alikuwa amezeeka?"

Nikafungua mdomo. Niliikumbuka kanga ya zambarau. Niliikumbuka fimbo. Nilikumbuka asilimia sitini na kitu, na maneno yote yaliyokuwa kwenye skrini, mpaka alama za vituo. Bi Hadija nilikuwa na sauti yake tu. Uso nilitafuta nikakosa, kwa sababu sikuwahi kuutazama.

"Sikumbuki, bibi," nikasema.

Bi Regina akaweka rejista kitandani, akaketi karibu naye.

"Mimi nakumbuka," akasema. "Alikuwa mwembamba. Mvi zilikuwa mbele tu, hapa, kama amepakwa unga. Jino la juu halikuwepo, ndiyo maana akicheka alikuwa anaweka mkono mdomoni. Alikuwa na kovu dogo la moto kwenye kiganja. Ulipokuwa unapimwa hakuondoa macho kwako hata mara moja. Na alikuwa amezeeka, mama. Kuliko wewe."

Bi Somoe akacheka huku akilia, daktari akamkataza kulia, hakumsikiliza. "Nilijua," akasema. "Nilijua ananidanganya yule. Endelea."

Bi Regina akaendelea. Mimi nilisimama miguuni pa kitanda na karatasi yangu yenye namba, nikisikiliza nami habari za mtu aliyekaa hatua mbili nyuma yangu asubuhi nzima.